MacKenzie: Tabibu aliyemkumbuka mchezaji dhaifu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Aprili, runinga zetu huonyesha uwanja mmoja wa gofu ulioko katika jimbo la Georgia, Marekani. Nyasi zake huonekana kama zulia jipya, maua yamechanua kandokando, na watazamaji hupiga makofi kwa adabu kama waumini walio ibadani. Uwanja huo huitwa Augusta National. Mwanafunzi anayeutazama hawezi kulaumiwa akidhani kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba yeyote aliyeuchora uwanja ule alikusudia kuwatenga watu wa kawaida. Dhana ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili haina ukweli hata kidogo. Aliyeuchora, akishirikiana na bingwa Bobby Jones, alikuwa tabibu aliyeshikilia kwamba uwanja hupimwa kwa furaha anayoipata mchezaji dhaifu. Jina lake lilikuwa Alister MacKenzie, naye alifariki akiwa bado anaidai klabu ile ujira wake.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1870 huko Normanton, karibu na mji wa Wakefield, katika eneo la Yorkshire nchini Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya nyanda za juu za Uskoti, na kijana aliifuata njia ya mzazi wake. Alisoma Wakefield, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge kujifunza sayansi na utabibu. Yamkini angeishi na kufa kama madaktari wengi wa mikoani, akiandika dawa za kikohozi na kuwatembelea wazee waliolazwa nyumbani, lau si vita.

Vita vyenyewe vilikuwa vile vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, vilivyoanza mwaka wa 1899 na kwisha 1902. MacKenzie alikwenda huko kama daktari wa jeshi. Tusisahau kwamba vita hivyo viliwaua maelfu ya watu, wakiwemo Waafrika weusi waliofungiwa kambini katika ardhi yao wenyewe, na ambao vitabu vingi vya historia viliwasahau kwa muda mrefu. Tabibu wetu alikuwa upande wa dola. Lakini jicho lake lilinasa jambo ambalo majenerali walichelewa kulielewa. Makaburu walikuwa wachache, wakulima wasio na mafunzo makubwa ya kijeshi, ilhali walilisumbua jeshi kubwa kupindukia. Siri yao mojawapo ilikuwa kujificha. Walichimba mahandaki yaliyofanana na ardhi iliyoyazunguka hata adui asiweze kuyatambua, na mahali palipoonekana kama handaki hapakuwa na mtu. MacKenzie aliyahifadhi hayo moyoni. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuja kulifaidi jeshi la nchi yake katika ufundi huo wa maficho. Kabla ya hapo, hata hivyo, alikuwa ameupatia somo hilo matumizi ya amani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuukanyaga uwanja wa gofu, ni vyema tueleze kidogo. Uwanja kamili una mashimo 18. Mchezaji huupiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia, akiupitisha kwenye njia ya nyasi fupi hadi afike kwenye grini, yaani eneo la nyasi zilizonyolewa kabisa palipo na kijishimo cha kuutumbukiza mpira. Anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Katikati huwekwa vikwazo: mitego ya mchanga, vidimbwi, miti, nyasi ndefu. Ufundi wa mchoraji ni kuamua vikwazo hivyo vikae wapi, na vimwadhibu nani.

Swali hilo la nani aadhibiwe ndilo lililomtenga MacKenzie na wenzake wengi. Katika enzi ya Malkia Victoria wachoraji wengi walichimba mitego iliyonyooka kama mitaro ya maji ya mvua, ikikata njia kutoka upande hadi upande. Bingwa aliipita kwa mkwaju mmoja bila hata kuitazama. Mzee, mwanamke aliyeanza mchezo juzi au karani aliyepata nafasi ya kucheza Jumamosi tu alitumbukia mle na kuhangaika humo. Kwa maneno mengine, uwanja ulimwadhibu yule yule ambaye tayari alikuwa ameadhibiwa na udhaifu wake. MacKenzie aliona kwamba huo ni upumbavu. Kikwazo, kwa maoni yake, kilifaa kumjaribu mwenye nguvu anayetaka kujinufaisha kwa kuthubutu, ilhali mnyonge aachiwe njia ya kuzunguka, hata kama itamgharimu mkwaju mmoja wa ziada.

Inafaa kusema hapa kwamba yeye mwenyewe hakuwa mchezaji hodari. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake mchezo wake ulikuwa wa wastani tu, na aliujua vyema uchungu wa mpira unaokataa kutii. Nadhani hilo lilimfaa. Mwalimu aliyewahi kufeli hisabati aghalabu humfundisha mwanafunzi mzito kwa subira ambayo fundi wa kuzaliwa hanayo.

Aliporudi kutoka vitani alifanya kazi ya utabibu mjini Leeds, na mwaka wa 1907 akawa miongoni mwa waasisi wa klabu ya Alwoodley nje ya mji huo. Huko alichora uwanja wake wa kwanza. Wenzake kamatini walishtuka walipoona grini zake zina mawimbi na mitego yake haina mistari iliyonyooka, wakamwita mchoraji mashuhuri Harry Colt aje kutoa uamuzi. Colt aliyaafiki mengi ya yale aliyoyaona, na wawili hao baadaye wakashirikiana kikazi. Mitego ya Alwoodley ilifanana na ardhi ya asili, kingo zake zikiwa zimepinda kama za bonde lililochimbwa na mvua. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahandaki ya Makaburu, ila safari hii hayakuficha bunduki.

Katika mwaka wa 1914 gazeti moja la Uingereza lilitangaza shindano la kuchora shimo moja la gofu ambalo lingejengwa kwenye uwanja mpya wa Lido karibu na New York. MacKenzie alishinda. Mchoro wake ulikuwa na njia kadhaa za kulifikia shimo lile lile, kila njia ikimfaa mchezaji wa kiwango chake: iliyo fupi na ya hatari kwa bingwa, iliyo ndefu na salama kwa mwanafunzi. Ukitaka kumwelewa mtu huyu, usihangaike na orodha ya viwanja vyake vyote. Uelewe mchoro huo mmoja.

Baada ya vita aliuacha utabibu polepole. Mwaka wa 1920 alichapisha kitabu kidogo kuhusu uchoraji wa viwanja, ndani yake akiweka kanuni 13. Kanuni hizo zinastahili kusomwa hata na asiyecheza. Alitaka mawimbi ya ardhi yawepo, lakini asitake mtu kupanda milima. Alitaka umbali mdogo kati ya grini moja na mahali pa kuanzia shimo linalofuata. Alitaka kusiwe na usumbufu wowote wa kutafuta mipira iliyopotea, na uwanja ufae wakati wa baridi kama wakati wa joto. Juu ya yote alitaka uwanja umvutie bingwa na wakati huo huo umruhusu mgeni kabisa wa mchezo kufurahia mzunguko wake ingawa anarundika mikwaju. Hapo ndipo udaktari wake ulipojitokeza. Alikuwa ameshuhudia wagonjwa waliokuwa hawaondoki mlangoni pake wakishauriwa kujiunga na gofu, na wasirudi tena kuomba dawa. Kwake yeye uwanja ulikuwa aina ya zahanati.

Ikiwa tutakubali kipimo hicho, basi itatubidi tuvilinganishe viwanja kwa namna nyingine kabisa na ile iliyozoeleka. Jarida moja maarufu la gofu la Marekani lilipoanza kuvipanga viwanja mwaka wa 1966, liliorodhesha vile 200 vilivyo vigumu zaidi. Ugumu ndio uliokuwa sifa! Ni kama kuzipanga shule kwa kuhesabu watoto waliofeli. Jarida hilo lilirekebisha kipimo chake baadaye, lakini mazoea ya kudhani kwamba uwanja bora ni ule unaomtoa mtu jasho la aibu hayajatutoka.

MacKenzie alikuwa na kielelezo chake, nacho kilikuwa uwanja mkongwe wa St Andrews huko Uskoti. Aliupima na kuuchorea ramani mashuhuri iliyotoka mwaka wa 1924. Uwanja huo haukuchorwa na mtu mmoja. Uliumbwa na upepo, kondoo na miguu ya vizazi vingi vya wachezaji. Njia zake ni pana mno. Grini saba kati ya zake ni kubwa kiasi cha kubeba mashimo mawili kila moja. Mzee anayeupiga mpira kwa unyonge anaweza kuzunguka wote akipita upande ulio salama, bila kuvuka kikwazo kikubwa, ilhali bingwa anayetaka kushinda hulazimika kuisogelea mitego. Jambo jingine kubwa kuliko hayo ni kwamba ardhi ile ni ya mji. Mwishoni mwa karne ya 18 ilitoka mikononi mwa wenyeji, na ilibidi sheria ipitishwe na Bunge mwaka wa 1894 ili mji uweze kuipata tena. Mchuuzi wa samaki wa St Andrews anaweza kucheza pale ambapo mabingwa wa dunia hucheza.

Alipofika Australia mwaka wa 1926, alikaa muda mfupi tu lakini akaacha athari kubwa, hasa katika uwanja wa magharibi wa Royal Melbourne. Kutoka huko alielekea California. Mwaka wa 1928 uwanja wa Cypress Point ulifunguliwa kwenye miamba ya pwani ya Pasifiki. Shimo lake la 16 linajulikana ulimwenguni: mchezaji husimama kwenye mwamba na kuupiga mpira juu ya bahari kwa zaidi ya yadi 200. Picha zake huwafanya watu wasahau kwamba upande wa kushoto MacKenzie aliacha nchi kavu ya kutosha ili asiye na nguvu afike kwa mikwaju miwili bila kumlisha samaki mpira wake.

Aliyempa kazi hiyo alikuwa mwanamke, Marion Hollins, bingwa wa wanawake wa Marekani wa mwaka wa 1921. Hollins ndiye pia aliyeanzisha Pasatiempo mjini Santa Cruz, uwanja ambao MacKenzie aliupenda hata akajenga nyumba kando yake. Ulifunguliwa Septemba 1929, na miongoni mwa waliocheza siku hiyo alikuwamo Bobby Jones. Jones alikuwa ameshindwa mapema katika mashindano yaliyofanyika jirani huko Pebble Beach, hivyo akawa na nafasi ya kuvionja viwanja vya daktari. Alivipenda. Alipostaafu mwaka uliofuata akiwa kileleni mwa ubingwa, alimchagua MacKenzie amsaidie kujenga uwanja wa ndoto yake huko Augusta.

Wengi hawajui jinsi uwanja huo ulivyokuwa awali. Ulikuwa na mitego ya mchanga isiyofika 30, idadi ndogo mno kwa uwanja wa mashindano. Haukuwa na nyasi ndefu za kumpotezea mtu mpira. Njia zake zilikuwa pana, urefu wake wote ukikaribia yadi 6,700. Nia ya Jones na MacKenzie ilikuwa kwamba mwanachama wa kawaida, mfanyabiashara mwenye kitambi, auzunguke bila kukata tamaa. Leo uwanja huo umepita yadi 7,500, umepandwa miti mahali palipokuwa wazi, na nyasi za pembeni zimeachwa zirefuke. Mabadiliko hayo yanaeleweka, kwa kuwa wachezaji wa sasa huupiga mpira mbali sana. Lakini tusimsingizie MacKenzie.

Wala tusimsingizie mambo mengine ya klabu hiyo. Hollins alitumwa naye kwenda kuikagua kazi ya ujenzi, kwa sababu aliuamini uamuzi wake kuliko wa wanaume wengi. Klabu ikachukua takriban miaka 80 kabla ya kumkubali mwanamke kuwa mwanachama, mwaka wa 2012. Mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano yake makuu, Lee Elder, aliruhusiwa mwaka wa 1975. Mwanachama wa kwanza mweusi aliingia 1990. Kwa miaka mingi kabla ya hapo weusi walikuwa mle kama watumishi na wabeba mikoba. Mchoro ulikuwa umemwachia mnyonge njia ya kupita, lango halikumwachia.

Nasi tusicheke sana. Klabu ya kwanza ya gofu mjini Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, mwaka mmoja kabla ya Alwoodley, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia viwanja vya namna hiyo akiwa na mkoba wa mtu mwingine begani. Vijana wengi wa vitongoji vilivyopakana na ua zile waliujua mchezo kwa kazi ya ukedi, na baadhi yao wakawa wachezaji wa kulipwa wa kutajika. Hata leo mtoto wa shule anayepita nje ya ua huweza kueleza rangi ya nyasi, asiweze kueleza mchezo.

Ndiyo maana napenda kumtazama MacKenzie katika kazi zake zisizotajwa sana. Mwaka wa 1932, wakati Augusta ilipokuwa ikipandwa nyasi, viwanja vyake viwili vya umma vilifunguliwa California. Kimoja ni Haggin Oaks, mali ya mji wa Sacramento. Cha pili ni Sharp Park, mali ya mji wa San Francisco, kilichojengwa kusini mwa mji huo baina ya bahari na rasi ya maji. Sharp Park hakina maua ya Augusta. Bahari ilikivamia mapema, baadhi ya mashimo ya ufuoni yakapotea na mengine yakatengenezwa upande wa bara. Ukuta ulijengwa kuzuia mawimbi. Katika miaka ya karibuni wapenzi wa mazingira walikwenda mahakamani kuwatetea vyura na nyoka adimu waishio kwenye maji yale, na hoja yao si ya kupuuzwa. Sehemu nyingine huloa maji wakati wa mvua. Lakini anayetaka kucheza hulipa ada yake langoni na kuingia, awe mstaafu, dereva wa basi au mwanafunzi.

Nikiulizwa basi nivipange viwanja vya tabibu huyu kwa ajili ya mchezaji wa kila siku, sitaanza na Augusta, wala Cypress Point ambayo ni ya wanachama wachache na wageni wao tu. Pasatiempo nitaipa heshima kubwa: wasio wanachama hukaribishwa, grini zake zingali na mawimbi ya mwenyewe, ingawa ada yake humtosa mwenye kipato kidogo. Sharp Park nitaiweka juu yake. Atakayesema kwamba ninalinganisha lulu na kokoto na akumbuke kanuni 13. Hakuna hata moja inayouliza kiingilio ni ghali kiasi gani, ilhali inayomtaja mgeni wa mchezo ipo.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa mgumu. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikausha kazi za wachoraji. Augusta yenyewe haikuwa na wanachama wa kutosha. Ujira wa MacKenzie ulipunguzwa, na hata huo uliopunguzwa akalipwa sehemu tu. Aliandika barua kwa wakuu wa klabu akieleza kwamba yeye na mkewe Hilda wameweka rehani kila walichokuwa nacho, na kwamba sasa anacheza kwa fimbo nne na mpira wa bei rahisi wa dukani. Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya ufukara mchezo wake ulikuwa bora kuliko ulivyowahi kuwa ujanani. Alifariki Santa Cruz tarehe 6 Januari 1934. Mashindano ya kwanza ya Augusta yalichezwa mwezi wa Machi mwaka huo huo. Hakuwahi kuuona uwanja ule ukiwa umeota nyasi. Majivu yake yalitawanywa Pasatiempo.

Aliacha mswada wa kitabu cha pili ambao ulipotea kwa takriban miaka 60. Ulipopatikana ulichapishwa mwaka wa 1995, nao ulibeba jina la St Andrews, uwanja aliouweka juu ya vyote vyake. Huko St Andrews uwanja mkongwe bado hufungwa siku za Jumapili, isipokuwa nadra wakati wa mashindano. Wachezaji hukaa nyumbani, na wenyeji hutembea humo na watoto wao na mbwa wao, wakikatiza njia zile pana bila kuulizwa na mtu.